Leseni ya Janelle

Alliance, Nebraska
12 Januari

Mwanangu Janelle,

Hujambo mama? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua baridi ikizidi. Nakuandikia barua kwa sababu simu siku hizi siisikii vizuri.

Picha ya leseni yako ya utaalamu wa tabia nimemwonyesha kila mtu mkahawani. Miaka saba ya shule na mazoezi chini ya usimamizi si mchezo. Rafiki yangu Floyd akanitania, "Kwa hiyo binti yako atatuchambua tabia na sisi?" Nikamwambia, "Kwako wewe, maisha yake yote hayatoshi."

Jirani yetu Verla Osterman anakuulizia. Mjukuu wake Trace, anayemlea peke yake, ana usonji. Ana miaka sita, hasemi, na akikasirika anajigonga kichwa ukutani hadi damu. Mtaalamu wa tabia aliye karibu yuko mwendo wa saa tatu, na foleni yake ni miezi kumi na minne. Verla ana miaka sabini na moja, hamuwezi tena. Je, utarudi nyumbani?

Baba yako,
Duane

Omaha
3 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi mzima, uchovu tu.

Nikwambie ukweli. Hapa nalipwa dola elfu sabini na mbili kwa mwaka. Huko nilipiga simu nikauliza: bima inalipia saa za kukaa na mtoto tu, zile za kuendesha gari kutoka ranchi hadi ranchi ni zangu mwenyewe. Ningebaki na nusu. Halafu kazi hii si ya mtu mmoja. Inataka wasaidizi wa kukaa na mtoto kila siku, nao wanalipwa kama wauzaji wa dukani. Hapa tu wameondoka wanne tangu Krismasi.

Lakini meneja ameniahidi kufungua tawi la magharibi, huko kwetu, na mimi ndiye nitakayeliongoza. Mwambie Verla nitakuja mwezi wa tano. Kwa sasa ampe Trace kadi yenye picha ya maji, amfundishe kuileta akiwa na kiu. Huenda hasira zikapungua.

Binti yako,
Janelle

Alliance
20 Juni

Janelle mwanangu,

Hali yako? Umekuwa kimya mno.

Trace aliijua kadi ndani ya siku nne. Verla alikuja kuniambia huku analia. Akasubiri mwezi wa tano, ukapita. Jumanne iliyopita mtoto alipandwa na hasira, akamsukuma, Verla akaanguka akavunjika nyonga. Trace amepelekwa nyumba ya malezi katika jimbo jingine, mwendo wa saa tisa.

Simlaumu mtu. Niandikie tu.

Baba yako

Omaha
2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, kila niliposhika kalamu nilishindwa.

Mwezi wa tano wenyewe malipo ya bima yalishuka, kampuni ikatupunguzia mishahara, na habari ya tawi ikafa. Meneja alisema, "Janelle, huko hesabu haikubali." Watoto ninaowahudumia wakaongezwa kutoka kumi na mmoja hadi kumi na tisa. Wengine nilikuwa nawaona kwenye skrini tu, naweka saini.

Nimeacha. Sasa niko kampuni ya bima. Wataalamu wenzangu wanaandika kuombea watoto saa za matibabu, mimi nasoma maombi yao na kupunguza saa. Nalipwa dola elfu tisini na moja. Jana nilimpunguzia mtoto wa miaka sita saa ishirini kwa wiki. Nilifuata kanuni zao, sikukosea popote.

Nitumie anwani ya huko aliko Trace.

Janelle wako

Alliance
15 Septemba

Mwanangu,

Goti linaendelea hivyo hivyo. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Jumamosi nilimpeleka Verla kumwona Trace. Anatembea na mkongojo. Trace amenenepa kwa dawa, anasinziasinzia. Bibi yake alimshika mkono saa nzima, na yeye hakuinua macho.

Wakati wa kurudi Verla aliuliza, "Janelle anafanya nini siku hizi?" Nikamjibu uko ofisini. Akasema, "Afadhali, alisoma sana yule mtoto." Hakuuliza ofisi gani, na mimi sikumwambia.

Ukipata nafasi njoo Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba. Ila nitangulie kukuambia, Verla naye atakuwa mezani.

Baba yako,
Duane