Rafiki Yangu Ameniachia Boma Wazi kwa Kunihurumia

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie, na nakuomba pia usome barua hii hadi mwisho kabla hujaanza kunisikitikia, kwa sababu masikitiko ya watu ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, nilifundisha Kongwa sehemu kubwa ya maisha yangu na sasa naishi Kizota kwa mwanangu Castory na mkewe Edina. Figo zangu zimechoka, moyo nao unazifuata, na daktari amekuwa mkweli kwangu kwa kuwa nilimlazimisha: mvua zijazo sitaziona. Jina langu usilifiche, naitwa Evodia, aibu sina, na hata ningekuwa nayo sina muda wa kuitumia.

Kinachonisumbua si kifo bali vita. Wajukuu zangu walinunuliwa mchezo wa kompyuta, wakauona wa polepole mno, wakauita gemu ya wazee, wakaenda zao bweni, basi mimi mzee wa nyumba nikaufungua. Ni mchezo wa nchi hizi zetu za bara enzi za misafara ya pwani, na si wa kubonyeza haraka haraka: unacheza zamu yako, unatulia, mwenzako anacheza ya kwake hata kama yuko mji mwingine na hata kama atakawia hadi kesho, kompyuta inamngoja. Unaanza na ramani iliyofunikwa ukungu, una watu wako wenye majina na tabia zao, huyu mwoga, huyu mlafi, huyu hataki kupigana na ukoo wake, unawalisha, unawatafutia maji, unavumbua njia na mito, na mwishoni unateka au unatekwa. Siku ya kwanza mchezo uliniuliza nataka kuwa nani, mpelelezi wa Kizungu anayetafuta maziwa makuu, kiongozi wa msafara kutoka pwani, au mtemi wa Ugogo. Mimi Mgogo naulizwaje swali hilo? Nikawa mtemi, nikakalia visima vyangu, na kila aliyetaka kupita na kunywa akanilipa hongo, ile ya zamani, ushuru wa njia na maji.

Nami nakiri kwamba nimefurahia. Miaka yote nilisimama mbele ya darasa nikieleza ubaya wa kuteka nchi za watu, na leo nateka, nachoma maboma, nachukua ng'ombe, na nalala vizuri, wala siombi msamaha. Mwinjilisti Lameck alipokuja kuniombea akanikuta na kompyuta mapajani, nimeifunika kanga, akaniambia, "Bibi, wakati huu ni wa kuaga, si wa kuteka." Nikamwambia, "Keti kwanza, mwanangu, nimalize zamu yangu. Mungu anajua kusubiri kuliko Zaitun ninayepigana naye." Akaketi. Baada ya kitambo akavuta kiti karibu.

"Sasa hawa wapiganaji wako wamekula?"

"Hawajala."

"Unawapelekaje vitani na njaa, Bibi?"

Tuliomba baadaye, na tuliomba vizuri.

Zaitun ndiye adui yangu. Alifundisha jiografia shuleni kwetu, ni Msandawe wa Chemba, sasa yuko Kondoa kwa binti yake Joha, na mimi ndiye niliyemwingiza kwenye mchezo huu kwa simu, nikimwelekeza kitufe kwa kitufe hadi Joha akaingilia kati akamalizia. Alichagua kuwa kiongozi wa msafara. "Nyie Wagogo mmetulipisha maji tangu enzi za mababu," alisema, "sasa ngoja nije niyachukue." Kwenye ramani ya mchezo upande wa kwao pameandikwa pori tupu, basi kabla hajanishambulia alipoteza zamu nyingi akituma watu wake kule kufunua ukungu, kilima baada ya kilima, bila faida yoyote. Nikamuuliza, "Mwalimu, unatafuta nini huko?" Akanijibu, "Nimekwenda kuwaonyesha kwamba kuna watu." Huyo ndiye Zaitun. Anakupiga, kisha anakupigia simu akucheke: "Mtemi, shikamoo! Ng'ombe wako wamefika salama kwangu, wanakusalimu." Tangu mume wangu alipofariki hakuna mtu mwingine anayenitukana kwa upendo namna ile.

Mambo yalianza kuharibika wakati wa mavuno ya zabibu, nakumbuka kwa sababu Edina alikuwa ameniletea zile za Zuzu na nilikuwa nazila huku nacheza. Zaitun, aliyewafundisha watoto wa watu habari za mvua na ukame, aliingiza msafara wake mzima katika Marenga Mkali, ile nyika kame iliyo kati ya Mpwapwa na kwetu, bila kujaza hata kibuyu kimoja cha maji. Watu wake wakafa kwa kiu, mimi sikunyanyua mkuki. Nilicheka hadi nikakohoa, nikadhani ni bahati yangu. Kisha msafara wake uliofuata akaulipia hongo mara mbili kwenye kisima kilekile. Kisha akamfukuza kiongozi wake wa njia, yule pekee aliyejua visima viko wapi, akabaki na mlafi. Nikaanza kuona shaka. Baada ya Pasaka Castory akaja kuketi kitandani kwangu, akaniambia huku anatazama sakafu kwamba jana yake alimpigia Zaitun akamweleza hali yangu yote, "ili ajue, Mama, asije akashtuka." Hapo mambo yote yakawa wazi kwangu: mwanamke huyu ananiachia nishinde ili nife nimefurahi!

Na sasa amezidisha. Ameondoa askari wote kwenye boma lake kuu la Mpwapwa, lango liko wazi, nikiingia vita vimekwisha. Nikampigia simu. Akaniuliza, "Hivi ni zamu ya nani?" wakati kioo kinaonyesha kwamba ni yangu. Tukazungumza kidogo habari za miguu yangu inayovimba, akauliza tena, "Ni zamu ya nani?" Kisha akaniita Sara. Mshauri, Sara ni mwalimu mwenzetu wa Kongwa aliyefariki zamani, na nilipolisikia jina hilo nilihisi nimetiwa udongo mdomoni, nikajua kwamba tayari ameniweka upande wa marehemu. Nikamwambia, "Kama umeanza kunizika, chukua jembe unizike, usinizike kwa kuniachia lango." Nikamwita mnafiki, nikakata simu. Nilipiga tena kesho yake ili nimalizie kumkaripia, akapokea Joha: "Shikamoo Mama Mwalimu, Mama amepumzika." Kila nikipiga amepumzika. Amepumzika kwa kazi gani, mtu asiyepigana? Tangu siku ile zamu yangu iko palepale, sijaicheza.

Kuna jingine, nalo niliungame kabisa. Vidonge vya maumivu vinanitia uzito kichwani, nashindwa kutofautisha kisima na kichuguu, kwa hiyo Edina akinipa navibana shavuni, akitoka navitema kwenye pindo la kanga. Maumivu ni makali, lakini angalau yananiachia akili yangu. Edina hajui, ni mkwe mwema, asingenielewa.

Sasa niambie. Niingie kwenye boma lililo wazi nipokee ushindi wa sadaka? Au niiache zamu yangu bila kuicheza, nife nayo, ajue kwamba nilikataa? Humu ndani kila anayepita mlangoni kwangu ananong'ona, hakuna anayenijibu kwa sauti ya kawaida, ndiyo maana nimekuandikia wewe nisiyekujua. Mimi naelekea kukataa. Sikuwahi kupewa kitu cha bure kazini, hata ualimu mkuu niliupigania, na sioni kwa nini nianze kupokea vya bure leo. Kama nastahili ukali, nijibu kwa ukali.

Mwalimu Evodia
Kizota, Dodoma

JIBU

Shikamoo Mwalimu. Jina lako sijalificha, kama ulivyoagiza. La rafiki yako na la binti yake nimeyabadilisha, na sababu utaiona mwenyewe.

Kuhusu kuteka, endelea kuteka. Mtu aliyeambiwa hataziona mvua hajanyang'anywa haki ya kutaka kushinda, na Mwinjilisti wako amelijua hilo tangu alipovuta kiti. Pole kwa maumivu, na pole kwa nyumba inayonong'ona. Mwite Castory, mwambie aseme kwa sauti yake ile ya siku zote. Huenda anangoja ruhusa yako tu.

Sasa ukali ulioomba. Nianze na vidonge. Hapo umekosea, na hukumkosea Edina peke yake. Daktari anahesabu dawa anayodhani umeimeza. Siku utakapolia kwa maumivu ataona hazitoshi, ataongeza, na mara hiyo utakuwa huna nguvu ya kuvitema. Utalala moja kwa moja na mchezo wako utabaki mezani. Mwambie Edina leo. Ukimwona daktari, mwambie ni saa zipi unataka kichwa chepesi na ni saa zipi uko radhi kulala. Dawa za maumivu hupangwa, na wapo wanaojua kuzipanga. Ulimlazimisha akuambie ukweli, nawe mpe wa kwako.

Tuje kwenye vita. Mwalimu, mwanafunzi wako angekuletea barua hii kama insha, ungemrudishia na alama nyekundu ukurasa mzima. Msafara ulikufa kwa kiu wakati wa zabibu. Castory alimpigia Zaitun simu baada ya Pasaka. Umeyaandika wewe, kwa mpangilio huohuo, kisha ukaamua kwamba Zaitun alipoteza msafara kwa kuzihurumia figo zako. Alizihurumiaje kabla hajaambiwa? Hukuziona tarehe zako mwenyewe kwa sababu ulikuwa na hakika kwamba kila linalotokea linatokea kwa ajili ya kitanda chako. Wagonjwa wengi hukosea hivyo, na wengine wana haki ya kukosea. Wewe huna, kwa kuwa ulilipwa mshahara kuwafundisha wengine kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

Mtu anayekuachia kwa huruma hujificha. Angepunguza askari kidogo kidogo, angejifanya amezidiwa. Asingemfukuza kiongozi wake wa njia. Asingekuuliza mara mbili zamu ni ya nani katika simu moja. Wala mwanamke aliyetuma watu kwenye vilima visivyo na faida ili kuwaonyesha walimwengu kwamba kwao kuna watu, hawezi kukuita kwa jina la marehemu ili akuumize.

Mimi si daktari, na huyo mama sijamwona. Lakini mama yangu mdogo alikuwa akirudi soko la Majengo kununua vitunguu ambavyo tayari viko kapuni, na akatuita kwa majina ya dada zake waliofariki, nasi tukamcheka, kisha tukamgombeza, na tulipokuja kuelewa tulikuwa tumeshamwambia maneno mengi ya kuudhi. Naogopa kwamba lango la Mpwapwa halikuachwa wazi kwa ajili yako, Mwalimu. Limesahauliwa. Na Joha anayekuambia mama amepumzika huenda anamsitiri mama yake kwa namna anayoijua.

Mpigie Joha leo, umuulize kwa upole lakini waziwazi. Mwambie yaliyotokea tangu wakati wa zabibu, maana huenda na yeye anahitaji kuyasikia kutoka kwa mtu anayemjua mama yake vizuri, ili ampeleke hospitali mapema. Kisha omba msamaha kwa neno mnafiki. Hata kama Zaitun hakumbuki kwamba ulilisema, wewe unakumbuka.

Halafu mwanao aliyejua kupiga simu ya kwanza bila kutumwa, apige ya pili akiwa ametumwa: Zaitun aletwe Kizota. Kondoa si mbali siku hizi, lami ipo, na Joha aje naye. Wekeni kiti kando ya kitanda chako na kompyuta moja katikati yenu, mcheze mkiwa mnatazamana.

Hapo ndipo utakapojaribiwa. Utamwona anakikodolea macho kioo, na mkono wako utataka kumwachia. Usithubutu! Hicho ndicho ulichomtukania. Akiuliza zamu ya nani, mjibu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mwambie lango lake liko wazi, arudishe askari ndani kama anataka, kwa kuwa adui mwenye heshima hutangaza anakuja. Akitaka kwenda tena kwenye vile vilima vya kwao badala ya kukupiga, mwache aende. Na zamu itakapokuwa yako, lisha watu wako, jaza maji, vuka nyika na kila mkuki ulio nao, usipunguze hata mmoja.