Kipimajoto cha Pikipiki ya Baba

Mtaa wa Sakina, Arusha
9 Julai 1996

Kaka Ephraimu,

Shikamoo. Siwezi kungoja: kipimajoto cha pikipiki ya Baba kimepona! Unakumbuka kilivyoonyesha nyuzi thelathini na nane huku tukitetemeka kwa baridi ya Nkoaranga? Mafundi wote walitaka kukibadilisha. Kumbe ni kizima! Kidude kinachopima joto la hewa kilifungwa karibu mno na injini, kikawa kinapima joto lake. Nimekihamishia mbele, chini ya taa, kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumapili nilimpakia Baba tukapanda polepole hadi Nkoaranga. Kuna jambo nilikuficha, kaka, nisamehe. Wakati wa Pasaka Baba alipata kiharusi. Kilimwachia miguu, lakini kikamnyang'anya maneno yote.

Basi tuliposimama pale juu, akachungulia begani kwangu, akasoma: "Kumi... na tatu."

Nilizima injini. "Rudia, Baba!"

"Kumi na tatu!" Akacheka, nami nikalia kama mtoto.

Tangu siku hiyo ameongeza neno moja tu, nalo ni jina lako. Analiita kila asubuhi.

Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Sia