Usionyeshe Kinyaa

Kisiwa cha Lipsi, Ugiriki
4 Juni 2025

Kwa Shangazi yangu kipenzi Maua,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi na mume wangu Nurdini tu wazima, na furaha imenijaa mpaka naiogopa. Nimeandika kwa mkono kisha nikapiga picha, mdogo wangu Najiat akufungulie kwenye simu yake, maana najua sauti za kurekodi zinakuudhi.

Shangazi, nimeolewa na mwanaume! Ananishika mkono barabarani bila kuona haya. Wengine wanakwenda fungate visiwa vile vya kwenye kalenda, sisi Mzee Manoli ametualika huku kusikojulikana. Yule ndiye Mgiriki aliyezaliwa Urambo, baba yake Nurdini alimwendeshea trekta. Kulala bure kwenye nyumba yake ya wageni ndiyo zawadi yetu ya harusi. Asubuhi anatusalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" utadhani tuko mnadani Usoke. Nyumba nyeupe, milango ya bluu, bahari kama kioo.

Ila, Shangazi, kinyaa! Chooni hakuna maji ya kujisafishia. Kuna karatasi tu, na karatasi yenyewe haitupwi chooni kwa sababu mabomba ni membamba. Inawekwa kwenye kindoo pembeni, inakaa pale na joto hili! Mimi naingia na chupa yangu ya maji. Halafu bandarini mvuvi anampiga pweza kwenye jiwe, paa, paa, mpaka anatoa povu, kisha anamwanika kwenye kamba miguu yote ikining'inia. Jioni Nurdini akaniletea mguu mmoja kwenye sahani, vile vikombe vyake vya kunyonyea vikinitazama. Nikakumbuka mafundisho yako, mke haonyeshi kinyaa kwa kitu alicholeta mumewe. Nikatabasamu, nikameza. Akafurahi, akaagiza mwingine.

Mwanao mwenye ndoa tamu,
Asmahani


Isevya, Tabora
7 Juni 2025

Mwanangu Asmahani,

Marahaba. Goti ni lilelile, linanikumbusha ngazi zote nilizopanda ujanani. Baba yako mzima, anakusalimu na kuuliza kama huko kuna misikiti.

Barua yako nimeisoma peke yangu, Najiat nimemtuma dukani. Umefanya vizuri kumeza. Sikukaa nawe siku saba chumbani nikikufunda kwa mchezo. Mwanaume akikuona umekunja uso mara moja, kesho anafikiri umemkunjia yeye. Pweza ni nyama tu. Tafuna haraka, fikiria maini.

Hilo la choo sina la kukusaidia. Wazungu wamefika mwezini bila kopo, ajabu kubwa. Chupa usiiache.

Shangazi yako,
Maua


Lipsi
12 Juni 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo, na za Baba? Mwambie msikiti sijauona, tunaswali chumbani. Sisi wazima, ingawa tumbo langu si langu.

Pweza nimekula siku tisa. Nurdini anaamini ndicho chakula nikipendacho, ananiagizia kabla sijakaa! Jana Mzee Manoli alitupeleka kwa mashua kisiwa kidogo kiitwacho Arki, watu wake hawafiki hata darasa moja la shule yetu. Pazuri mno, nilitaka kulia kwa uzuri. Kisha akazamisha mkono majini, akatoa dude lenye miiba kama nungunungu. Akalipasua kwa mkasi. Miiba bado inatembea, Shangazi! Ndani kuna ute wa rangi ya chungwa. Nurdini akachota kwa kipande cha mkate, akanilisha kwa mkono wake mwenyewe, macho yake yamejaa mapenzi. Nikameza. Nikasema, "Mtamu, mume wangu." Nikaenda nyuma ya kanisa nikatapika hadi nyongo.

Niliporudi walikuwa wanapeana mikono. Mzee hana mtoto, magoti yake yamechoka, anamtaka Nurdini abaki amsaidie nyumba ya wageni. Miaka mitano. Kibali atakishughulikia yeye, na jibu la mwisho anataka Jumapili. Nurdini akanikumbatia, akasema, "Ningekataa, Asma, ila nimekuona unavyopapenda huku. Hujawahi kukunja uso hata siku moja."

Shangazi, miaka mitano! Nampenda mume wangu kuliko macho yangu, lakini hapa nitakufa. Nikisema, nimevunja ulichonifunza. Nikinyamaza, nimekwisha. Niruhusu niseme.

Mwanao,
Asmahani


Lipsi
14 Juni, Jumamosi asubuhi

Shangazi, shikamoo. Mbona kimya? Najiat hapatikani. Kesho ndiyo Jumapili. Leo chakula cha mchana ni kichwa cha kondoo, na jicho wamenitengea mimi kwa heshima.

Asmahani


Isevya
14 Juni 2025, alasiri

Mwanangu,

Marahaba. Samahani sana. Najiat alikwenda msibani Lusu na simu yake, amerudi sasa hivi. Sote wazima.

Sikiliza. Mjomba wako Abdulatifu, marehemu mume wangu, alitafuna tumbaku. Alitema kwenye kopo chini ya kitanda chetu. Kila asubuhi, miaka ishirini na sita, nililiosha lile kopo. Lile tope la kahawia linavutika kama kamasi. Nililiosha natabasamu, kwa sababu nami nilifundwa hivyo. Alipokuwa anaumwa aliniambia, "Maua, nilidhani harufu ile unaipenda. Ungesema mwaka wa kwanza ningeacha." Nilitoka nje nikasimama uani mpaka mguu ukafa ganzi.

Na bado baada ya kumzika nikawafunda wasichana tisa maneno yaleyale, wa tisa ni wewe. Labda sikutaka iwe nililiosha bure.

Sema, Asmahani. Sema leo.

Shangazi yako,
Maua


Ndani ya meli
17 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole kwa uliyoyabeba. Barua yako niliisoma mara tatu.

Nilisema Jumapili, mezani, Mzee Manoli akiwepo. Nilisukuma sahani nikasema, "Nurdini, hii inanitia kinyaa. Na ya jana. Na zote." Akanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Hata Arki?"

"Nilitapika nyuma ya kanisa."

"Sasa uliponiambia mtamu, nani alikuwa anasema?"

Yeye alikuwa amepapenda kweli, Shangazi. Mzee akasema kwa Kiswahili chake cha Urambo, "Bwana, mke amesema, basi tena." Nurdini akakataa kazi kwa adabu, kisha akatoka kuzunguka bandari peke yake mpaka jua likazama.

Tangu hapo hakunishika mkono. Ndani ya meli aliweka begi kwenye kiti katikati yetu. Nililia kidogo kidogo. Kisha bahari ikachafuka na meli ikayumba. Zamani ningekimbia kujificha. Nikasema kwa sauti, "Nurdini, natapika." Akaruka, akaliangusha begi chini, akanishikia mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Nilitapika mbele ya mume wangu na mbele ya abiria wote.

Alichungulia ndani ya mfuko, akakunja uso mpaka macho yakapotea.

"Asma, hii inatia kinyaa."

"Ndiyo, mume wangu."

Akaenda kuutupa. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha katikati.

Mwanao,
Asmahani