Walezi wa Programu Wamenikatalia, Nianzishe Yangu?

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia kabla sijaharibu, maana nyumbani kila mtu anavutia kwake.

Mimi ni fundi wa programu, na dada yangu ni muuguzi katika kliniki ya watoto, wanatumia programu huria ya kukokotoa dozi, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuusoma na kuchangia, sasa dada halali kwa kulalamika kwamba foleni haisogei kwa sababu programu inauliza uzito wa mtoto mapokezi halafu inauliza tena chumba cha dawa, nami nikafungua msimbo nikakuta kweli, kazi ile ile imeandikwa sehemu mbili na sehemu zenyewe hazipashani habari, nikaona huu ni uzembe mtupu, nikafuta moja, programu ikaenda mbio, nikawatumia walezi wa mradi, wale wanaoitunza programu na kuamua kipi kiingie, nikingoja shukrani. Wakanijibu: "Asante, ila sehemu hizo hazijuani kwa makusudi. Soma kwanza maelezo ya muundo, kisha tuzungumze." Shangazi, niliumia, mimi si mwanafunzi. Shemeji anasema achana nao, weka nakala yako kliniki, na dada keshawatangazia wenzake kwamba Jumatatu wanapata programu ya mdogo wake. Nikirudi nyuma namwaibisha, nikiendelea nimejifungia mlango wa mradi niliotamani siku zote kuwa ndani yake. Nifanyeje?

Fundi Niliyekataliwa

Marahaba, fundi. Pole. Kukataliwa kazi uliyoitolea jasho kunauma, hilo silicheki. Lakini mwanangu, umeambiwa "kwa makusudi" na hukuuliza makusudi gani. Kuuliza si ujinga.

Mimi kompyuta naijulia kuwasha na kuzima. Ila nimelea. Mapokezi mtoto hupimwa akiwa na koti na viatu vyake, anapiga mateke, na mama mwenye haraka anasema andika tu kama wa mara iliyopita. Chumba cha dawa anapimwa upya, na namba zikikataana mtu anasimama kuangalia. Wewe umemwondoa huyo wa kusimama. Huenda nimekosea, msimbo unao wewe, basi usome.

Mpigie dada yako leo umwambie nakala yako haiwekwi. Shemeji mwache na maneno yake, si yeye atakayeshika sindano. Kisha fuata safari ya mtoto mmoja ndani ya msimbo, tangu mapokezi hadi kwenye dawa, soma hayo maelezo ya muundo na mijadala ya zamani ya walezi, ndipo uwaandikie. Waandikie swali, marekebisho baadaye. Na usiwafiche kuhusu foleni, kwa sababu hilo ni tatizo la kweli na pengine wao hawalioni kutoka walipo.

Dada atanuna wiki moja, yataisha. Mtoto atakayepewa dozi ya kilo asizo nazo hatakusubiri umalize kusoma.