Sahihi Niliyoikataa Mezani

Nyumba ya Wageni, chumba namba 6,
Mkabala na stendi ya mabasi,
Ijumaa, 11 Oktoba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini yale mafuta ya kuchua yamelilegeza, na sasa unafika kwa jirani bila kushikwa mkono. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii.

Uliniagiza nikuandikie jinsi wageni wanavyokirimiwa huku. Shangazi, kukirimiwa nimekirimiwa! Tangu Jumatatu, nilipofika kukagua lifti ya hoteli moja ya ghorofa tisa, sikunawa mikono bila mtu kunishikia taulo. Mwenye hoteli, baba mnene mcheshi aliyejifunza Kiswahili kwenye biashara, alinikalisha meza ya dirishani, akanichambulia samaki miiba kwa vidole vyake mwenyewe. Akaniita binti yangu. Unavyonijua, nilikula hadi nikalegeza mkanda.

Jumatano nilipanda kwenye chumba cha mashine, juu ya paa. Lifti ile inabebwa na kamba nne za chuma. Mbili kati yake nyuzi zimekatika-katika kama ukili wa mkeka mkuukuu, na breki imelika hadi chuma kinasaga chuma. Nilizima umeme, nikafunga swichi kwa kufuli langu ili mtu asiuwashe, nikashuka kwa ngazi.

Chakula cha mchana kilikuwa tayari. Kando ya sahani yangu palikuwa na cheti cha ukaguzi, kimejazwa kila kitu isipokuwa sahihi.

"Weka sahihi, binti yangu, supu isipoe."

Nilimweleza hali ya kamba. Alisikiliza kwa adabu, akaniongezea mchuzi.

"Jumamosi nina harusi ghorofa ya tisa. Wageni mia mbili. Mwenzako wa mwaka jana alikaa kiti hicho hicho, akala, akashiba, akatia sahihi. Au wewe chakula chetu hukukipenda?"

"Nimekipenda, baba. Sahihi sitii."

Hapo nikasikia kengele ya lifti. Mlango ukafunguka, akatoka mama mmoja amebeba mtoto. Kumbe kufuli langu lilikatwa nilipokuwa nanawa mikono! Mwenye hoteli hakugeuka hata kutazama. Alitabasamu vile vile. Nikaacha tonge sahanini, nikainuka.

Nilipofika mapokezi, nilikuta sanduku langu limeshashushwa kutoka chumba walichonipa, limefutwa vumbi, na juu yake kifurushi cha chakula cha njiani, bado cha moto. Sikukigusa. Mhudumu aliyenifungulia mlango alininong'oneza, "Dada, sisi wafanyakazi wote hapa tunapanda ngazi."

Leo asubuhi nilikwenda ofisi ya usalama wa majengo. Ofisa alinikaribisha chai, akafungua faili, akanionyesha cheti. Kimekamilika, na sahihi yangu ipo. Nikamwambia hiyo si yangu. Akanitazama kwa huruma, kisha akaniuliza kama nilionja samaki wa pale.

Nimewapigia simu wakubwa wangu kazini. Wanasema nirudi kwanza, mengine tutazungumza. Basi langu linaondoka kesho saa nne, na harusi ni saa nane. Shangazi, sitapanda basi hilo. Nitasimama mlangoni pa lifti niwaambie wageni mmoja mmoja, hata kama watanitoa nimebebwa juu juu.

Baba usimweleze bado, presha yake waijua. Nisalimie Mjomba wa cherehani, mke wake, na wale mapacha watundu. Mungu akuweke, akupe usingizi mzuri kuliko wangu.

Barua hii itunze kabatini, usimpe mtu. Sahihi ya kwenye cheti kile ina mkia mrefu mwishoni. Yangu haijawahi kuwa na mkia. Iangalie vizuri hapa chini, ili siku ukiulizwa uweze kusema.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Binti Fundi