Mkufunzi Asiyegusa Kifaa

Jumatatu, 3 Februari

Chai bila sukari, kiazi kitamu, vidonge. Mke wangu Zuhura kashona sare za watoto wa jirani asubuhi yote, cherehani inanipigia kelele kichwani.

Nimemaliza chati ya keshokutwa. Karatasi kubwa, kalamu nene ya ubao, ileile ninayoandikia hapa. Ukurasa mmoja unabeba sentensi chache. Daftari litaisha kabla ya mwezi. Liishe.

Toleo jipya la mfumo wa kuitia gari la wagonjwa limefika. Doreen, mratibu wetu wa mradi kutoka Dar, ametuma mwongozo wa wakufunzi kwenye simu. Kurasa na kurasa za herufi za sisimizi. Nimejaribu na miwani, nimejaribu mlangoni penye jua. Ukungu mtupu. Jioni kapiga simu kuuliza kama nimeusoma. Nikasema nimeusoma. Hata sikusita.

Mwaka wa pili huu nafundisha bila kuona skrini. Hakuna anayejua. Zuhura anajua nusu. Nimekariri kila kitufe kilipo, nafundisha kwa mahali: juu kushoto, katikati, chini kulia. Sigusi kifaa cha mwanafunzi hata siku moja, maana nikigusa nitaumbuka. Wao wanaona ni ustadi. Kwenye mikutano Doreen ananiita mkufunzi asiyegusa kifaa, watu wanapiga makofi. Nami nainamisha kichwa kama bwana harusi.

Jumatano, 5 Februari

Goweko. Ukumbi wa bati, joto la kuchemsha maharage. Wauguzi na matabibu wa zahanati za ndani huko, kila mmoja na kishikwambi chake. Doreen alikaa nyuma akinirekodi na simu.

Somo ni lilelile. Mama mjamzito akiwa hatarini, mwandike jina, mwandike dalili, kisha kitufe cha chini kulia. Taarifa inafika Tabora, gari la wagonjwa linaondoka. Ukishatuma, tulia. Usipige simu, simu zinawachanganya madereva. Nimesema maneno hayo mara nyingi mpaka yanatoka yenyewe.

Masanja, tabibu mmoja mrefu mwenye sauti ya ng'ombe dume, aliuliza mbona pale chini kulia anaona picha ya kapu. Kapu gani tena? Nikacheka kidogo, nikasema picha wanabadilisha kila mwaka ili wapate mshahara, mahali hapabadiliki. Wakacheka. Masanja akanyamaza.

Baadaye mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi. Sukari imeshuka. Nikamtuma Neema, muuguzi kijana aliyekaa mbele, akanitafutie soda. Alikwenda mbali, duka la karibu lilikuwa limefungwa. Nikawapa wengine mapumziko ya chai. Neema aliporudi tulikuwa tumeshaanza kufunga. Binti mwenye adabu sana. Alinifungulia chupa bila kuulizwa.

Darasa lilikuwa kimya kuliko kawaida baada ya chai. Nikaona ni heshima.

Alhamisi, 6 Februari

Doreen anasema video ni nzuri mno. Mwisho wa mwezi wakufunzi wote wa kanda watakuja Tabora, nitawafundisha namna yangu ya kufundisha. Mimi! Nimempigia Zuhura kelele za furaha mpaka akaacha kushona.

Jumatatu, 10 Februari

Kliniki ya macho. Nilimwambia Zuhura naenda benki.

Daktari ni kijana, anaongea polepole kama anamfundisha mtoto kusoma. Jicho la kushoto ndiyo basi tena. La kulia lina damu nyuma, linaweza kuzima wakati wowote. Kasema niwaambie kazini. Nikasema nitawaambia.

Nitawaambia mwezi ujao. Baada ya mafunzo ya wakufunzi. Siwezi kuvuliwa koti siku hiyohiyo niliyovishwa.

Ijumaa, 14 Februari

Doreen kapiga simu kabla sijanywa chai. Kwenye zahanati moja ndani kabisa, kupita Goweko, mama amepoteza mtoto. Uchungu ulimkamata juzi asubuhi, damu nyingi, mtoto amekaa vibaya. Muuguzi anasema alituma taarifa mapema, akasubiri gari. Gari halikuja. Alipoamua kupiga simu ilikuwa mchana. Mama amepona. Mtoto alitolewa amekufa.

Kwenye mfumo hakuna taarifa yoyote iliyotumwa asubuhi ile. Hakuna kabisa. Kwa hiyo wanasema muuguzi anadanganya. Amesimamishwa kazi.

Nikauliza muuguzi gani. Neema.



Jumapili, 16 Februari

Kapu halijanitoka kichwani.

Leo nimekubali kuaibika mbele ya mke wangu. Nimempa Zuhura kishikwambi nikamwambia anisomee kilichopo chini. Akanitazama, nadhani alinitazama, muda mrefu. Kisha akasema: kushoto kuna mshale, kulia kuna kapu. Hakuna maneno, picha tu.

Nikamwambia andika jina lolote. Akaandika jina la mama yake. Nikamwambia bonyeza kulia. Akabonyeza. Ukurasa ukarudi mwanzo, kama unavyorudi ukituma. Nikamwambia tafuta jina. Akatafuta. Halipo. Limefutwa. Akaandika tena, akabonyeza mshale wa kushoto. Jina lipo. Toleo jipya limehamisha kitufe cha kutuma.

Zuhura akaweka kishikwambi juu ya meza. Baadaye akaniuliza tangu lini. Nikamwambia mwaka wa pili. Akaenda uani akakaa huko. Nilisikia anasuuza vyombo vilivyokuwa visafi.

Ni mimi. Mahali hapabadiliki, nilisema. Mbele ya watu wazima, huku nacheka.

Jambo moja tu silielewi. Darasa zima nililifundisha vibaya. Mbona aliyekosea ni Neema peke yake?

Jumanne, 18 Februari

Goweko tena. Zuhura alitaka kunisindikiza, nikakataa. Nilishuka basi vibaya nikapiga goti kwenye jiwe.

Nimemkuta Masanja kwenye zahanati yake. Kanikaribisha kwa heshima zote, kiti, maji ya kunywa, shikamoo mwalimu. Nikamuuliza wazi. Nikasikia anavunja vidole.

Kisha akasema: "Mwalimu, tuliona. Wakati wa chai tulijaribu, tukajua kulia inafuta. Tukaambiana wenyewe kwa wenyewe, tumeni kwa mshale."

Nikamuuliza kwa nini hamkuniambia.

"Yule mama wa Dar alikuwa anakurekodi. Tungekuaibishaje, mwalimu? Na wengine tulishaona kwamba macho... Ulikuwa unamimina chai pembeni ya kikombe."

Kumbe waliona. Wote. Wakanifunika kama mtu anavyomfunika mgeni aliyelala na mdomo wazi.

Na Neema? Masanja akashusha sauti. Neema hakuwepo kwenye chai. Alikuwa amekwenda kununua soda yangu. Kila mtu alidhani mwenzake atamwambia.

Nilitamani ardhi ya ile zahanati inimeze na kiti chake.

Nikamfuata Neema kwenye chumba alichopanga. Alikuwa anafunga mizigo aende kwao Choma. Akaniamkia, akanifutia goti damu kwa pamba. Mimi ndiye nimemharibia maisha, na yeye ananifuta damu. Akasema labda alikosea yeye. Uliniambia chini kulia, mwalimu, nikabonyeza chini kulia. Alidhani kapu ni picha ya kumbeba mama. Alimwambia yule mama, jina lake Kabula, tulia dada, gari linakuja, limeshatumwa. Kabula alikuwa akiuliza kila saa. Mtoto wa kwanza huyo.

Nilikuja kusema. Sikusema. Nimeondoka nikiwa nimebeba pamba yake kwenye goti, mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemwambia Doreen. Yote: macho, mwongozo, kapu, soda. Ofisini kwake, mlango umefungwa. Feni inalia.

Akasema: "Mzee Hamisi, ripoti ya Neema imeshaondoka." Akasema mradi uko kwenye tathmini. Wafadhili wakijua mkufunzi wetu bora haoni, wanafunga mradi, na zahanati zote zinarudi kwenye kupiga simu ambazo hazipokelewi. Watakufa wangapi? Akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu. Akasema niende hospitali, mradi utasaidia gharama. Jumanne nije nifundishe wakufunzi kama kawaida, nitapewa msaidizi wa kubonyeza. Chati mpya ameshaagiza ichapishwe.

Kuhusu Neema alisema ni kijana, atapata kazi nyingine.

Si mtu mbaya Doreen. Mwaka jana alilia msibani kwetu kuliko ndugu. Leo nilimchukia. Nilijichukia zaidi, kwa sababu kwa muda mfupi, nikiwa nashuka ngazi zile, nilifurahi.

Jumamosi, 22 Februari

Zuhura hasemi nami zaidi ya chakula tayari. Leo mchana aliacha cherehani akauliza kitu kimoja tu: yule binti ameshapanda basi?

Nikasema ameshapanda.

Jumanne, 25 Februari

Mafunzo ya wakufunzi. Ukumbi wenye viyoyozi, chupa za maji, vitambulisho vya shingoni. Wametoka mikoa yote ya huku magharibi. Doreen akanitambulisha, makofi. Akawasha simu kurekodi.

Nikamwambia msaidizi wangu akae. Nikatundika chati yangu ya zamani.

Nikawaambia mwandikeni mama wa mfano. Dalili: damu. Sasa bonyezeni chini kulia. Nikasikia vidole kwenye vioo. Hakuna aliyeuliza. Wakufunzi hao, watu wa kufundisha wengine.

Nikauliza nani ameona kapu. Sikuona mikono. Nikamwomba aliyekaa mbele kabisa anihesabie. Akasita, akasema, "Ni wote, mwalimu."

Mnajua kapu linafanya nini? Wanajua. Walisoma mwongozo, wao wana macho. Basi kwa nini mmebonyeza?

Mtu mmoja wa Kigoma, nilimjua kwa matamshi, akasema walidhani nina sababu yangu.

Nikawaambia sina sababu. Nina macho yaliyokufa. Nikawaambia habari ya Kabula, soda, kikombe cha chai, na Neema anayesemekana mwongo. Nikasema namna yangu ya kufundisha mliyokuja kujifunza ndiyo hii: kipofu anayeona haya, na darasa linalomwonea haya. Nikasema kama mna kitu kimoja cha kubeba kutoka hapa, mkianza somo mwambieni mwanafunzi akubishie, na akibisha mumshukuru mbele ya watu. Mimi nilimcheka Masanja. Pale ndipo mtoto alipofia.

Nililia, ndiyo, na kitambulisho shingoni.

Doreen alikuwa amezima simu. Lakini wengine hawakuzima.

Alhamisi, 27 Februari

Mkataba umekwisha. Sababu za kiafya. Nimekabidhi kishikwambi, begi na kofia ya mradi. Doreen hakutoka ofisini. Video imesambaa, watu wananipigia kunipa pole kana kwamba mimi ndiye nimefiwa.

Waajiri wa Neema waliniita jana, nikaeleza, nikaweka dole gumba mahali nilipoonyeshwa. Wamemfutia tuhuma. Wanamtaka arudi.

Leo nimempigia. Nyuma yake ng'ombe wanalia. Nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, jambo nililopaswa kumwambia akinifuta damu. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Akasema amesikia kuhusu barua ya kurudi lakini harudi. Kile kifaa hataki kukishika tena. Atasaidia baba yake mifugo kwanza.

Kisha akauliza: "Wenzangu walijua, mwalimu? Masanja na wote?"

Nikamwambia walijua.

Nikasikia ng'ombe tu. Akasema haya mwalimu, uguza macho. Akakata.

Kabula sijaenda kumwona. Sijui nitamwambia nini, na sijui kwa nini nadhani ana haja ya kunisikia.

Jumamosi, 1 Machi

Jicho la kulia limekuwa zito tangu juzi. Hizi herufi naandika kwa kukumbuka mkono unakwendaje. Zikipandana, zipandane.

Jana mwezi haukuonekana. Leo baada ya magharibi majirani wa hapa Cheyo walitoka tena nje kuutafuta. Zuhura alinishika kiwiko tukatoka nao. Ananisemesha sasa, kidogo. Mfungo huu sitafunga, daktari amekataza.

Kelele zikaanza: ule, ule pale! Mzee Idi, jirani yetu fundi viatu, akanisukuma bega. "Hamisi, juu ya paa la yule pale. Umeuona?"

Kila mwaka najibu nimeuona. Mwaka jana pia nilijibu nimeuona, na sikuona hata paa.

Nikasema siuoni. Sioni kitu, Idi.

Watu waliokuwa karibu wakapunguza sauti. Mzee Idi hakusema pole. Aliushika mkono wangu, akaunyanyua, akakinyoosha kidole changu, akakisogeza kushoto kidogo, juu kidogo, mpaka akaridhika.

"Hapo," akasema.

Nikaubakisha mkono hapo mpaka ukachoka. Kisha tukaingia ndani, Zuhura akaenda kuroweka maharage.