Kidoti cha Shavu la Kushoto

Manila Avenue,
Jersey City, New Jersey.
14 Novemba 2006

Mpendwa Manang Primitiva, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako Eustaquio, yule Takyo wenu, ambaye bado yupo. Magoti yananiuma kwa kiasi chake, na macho sasa yanataka miwani ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Zaidi ya hayo sina la kulalamika. Wewe je, hujambo? Presha imetulia? Mwanao Rogelio aliniandikia kwenye kadi ya Krismasi iliyopita kwamba mama yake anavimba mguu. Hakuongeza neno, nami nimekaa na mguu huo moyoni tangu Desemba.

Najua mwanzoni mwa mwezi mlikwenda makaburini, mkapalilia kaburi la Mama na Baba, mkawasha mishumaa, mkala palepale. Mimi niliwasha mshumaa mmoja dirishani. Mwenye nyumba wangu anaogopa moto, kwa hiyo niliuzima kabla haujafika nusu. Niombee radhi kwa Mama.

Mpunga bila shaka umeshavunwa na Batac yetu nzima inapanda vitunguu saumu. Hapa nanunua saumu za dukani, kubwa na nyeupe, zisizo na harufu. Ninapozikaanga nyumba haijui kama kuna mtu anapika.

Leo naandika barua badala ya kadi kwa sababu nina jambo la kukiri. Litakuchekesha mwanzoni.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Katika vitabu hivi vya katuni vya mashujaa wanaoruka, mchoraji wa penseli humchora kwa makini shujaa na adui anayepigana naye, kwa kuwa hao ndio wanaouza kitabu. Waliobaki, muuza magazeti, askari wa zamu, jirani, huwawekea duara lenye msalaba ndani, kuonyesha tu uso umeelekea wapi. Mtia wino ndiye anayewapa sura. Mtia wino nilikuwa mimi, na sura nilizokuja nazo zilikuwa za kwetu.

Kwa hiyo Dakta Nta, mwovu mwenye suti ya zambarau anayetengeneza sanamu za watu kwa nta hata ndugu zao wasizitofautishe na watu wenyewe, ana uso wa Tiyo Casimiro, yule mnunuzi wa tumbaku aliyekuwa akikanyaga mizani ili atupunje. Amepigwa ngumi mara nyingi sana, Manang, kwa niaba ya familia.

Na Bi Hanrahan ana uso wako. Huyu ndiye anayempangisha chumba shujaa wetu, Mpigakengele. Anaijua siri yake na hujifanya haijui. Humwachia supu jikoni, humuuliza kwa nini shati limeungua, na hukubali jibu lolote analopewa. Jina na aproni ni vya Kiairishi, lakini nyusi ni zako, na kile kidevu kinachoinuka unapodanganywa, na kidoti shavuni. Nilianza kukuchora mwaka nilipofika, 1974, ulipokuwa na miaka arobaini na miwili. Bado unayo hiyohiyo. Katika vitabu vile hakuna anayezeeka.

Sasa kosa langu. Unakumbuka kabati la Mama lenye kioo, ulivyokuwa ukichana nywele mbele yake kabla ya kwenda kuchambua tumbaku? Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka nyuma yako, nikikuchora kwenye karatasi za kufungia majani. Uso wako niliujifunza kwenye kioo kile. Nilipofika huku sikuwa na picha yako, nikachora nilichokikumbuka, na kidoti nikakiweka shavu la kulia. Chako kiko kushoto.

Hili nililigundua mwaka 1983, na unajua kwa njia gani? Mama alifariki. Simu yako ya maandishi ilifika Jumanne, nami nilikuwa na kurasa kumi na mbili za Mpigakengele na Dakta Nta wakipigana juu ya daraja, zinatakiwa Ijumaa. Nilijiambia nikikosa kazi hii sitapata nyingine, na kwamba wafu wanasubiri kuliko wachapishaji. Nikabaki. Mwezi uliofuata ilifika bahasha yenye picha ya mazishi bila neno hata moja. Nyuso zilikuwa ndogo kama punje za mchele. Nilizitazama kwa lenzi, nikakuona umesimama kwenye kichwa cha jeneza, na kidoti kiko kushoto. Tangu siku ile sijapata mstari mmoja wa mwandiko wako. Sikulaumu. Naeleza tu tarehe.

Kwa aibu nilikirekebisha. Katika toleo la themanini na nane Bi Hanrahan alitokea na kidoti shavu la kushoto. Barua zikamiminika. Msomaji mmoja wa Ohio alieleza kwa kurasa tatu kwamba huyo si Bi Hanrahan ila sanamu ya Dakta Nta, kwa sababu adui huyo hukosea pande. Mhariri wa wakati ule alifurahi, akaiandikia hadithi, na ikawa sheria: kidoti cha kulia ni mtu, kidoti cha kushoto ni nta. Nami nikarudi kulia, nikabaki huko hadi nilipostaafu.

Mwezi uliopita Dana Pruitt, mhariri wa sasa, mwanamke mwenye umri wa kuwa mjukuu wangu, alinijia mwenyewe hadi hapa nyumbani. Nilimpa kahawa. Hakuinywa.

"Mzee Takyo, tunamzika Bi Hanrahan. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine."

"Kafanya kosa gani?"

"Hajafanya kosa lolote. Ndiyo maana itamuuma Mpigakengele."

Siku hizi wino hutiwa kwa kompyuta, lakini alitaka kurasa tano za mazishi zitiwe kwa mkono wangu, kwa heshima. Nilikubali. Tangu mke wangu Lourdes afariki siku zangu ni ndefu, na simu hulia mtu akikosea namba.

Nilizichukua kurasa hadi mgahawani kwa Saul Breitman. Huyu aliandika maneno ya viputo vinavyotoka midomoni mwa wahusika kwa miaka arobaini, sasa ana themanini na tatu, mikono inatetemeka, ulimi hautetemeki. Alhamisi zote tunakula pamoja, wajane wawili. Alizipitia, akasema mashujaa hufa wakarudi, waovu hufa wakarudi, ila sisi watu wa pembeni tunazikwa kwelikweli. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa wa tatu, kisanduku cha nne, ambapo jeneza liko wazi na ndani yake mna duara lenye msalaba.

"Takyo, we mzee mjinga, hapa si wamekuachia mlango? Mtie kidoti cha kushoto. Wale watoto wa Ohio wataona, watapiga kelele kwamba ni nta, na baada ya mwaka bibi wa watu yuko jikoni kwake anapika supu."

Alisema kweli. Ndivyo kazi yetu ilivyo, tone moja la wino linatosha. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyeponyeshwa.

Asubuhi yake niliketi mbele ya kisanduku kile. Nilitia wino nywele, nyusi, rozari mikononi. Nikafika shavuni, nikashindwa. Kulia, Bi Hanrahan anakufa. Kushoto, anapona, lakini kushoto ni kwako. Ili nimwokoe mwanamke wa karatasi ilinibidi nikulaze wewe kwenye jeneza, wewe mwenyewe, si yule wa kwenye kioo. Nami sijui mguu wako unaendeleaje. Sijui kama ukiamka asubuhi unaweza kuukanyagia.

Brashi ilikauka mara mbili. Ilipofika saa saba mchana niliweka kidoti shavu la kulia, nikaosha brashi.

Alhamisi nilimwonyesha Saul. Aliinamia ukurasa muda mrefu.

"Umemuua."

Nikamwambia nisingeweza kuweka kushoto.

"Kushoto kuna nani?"

"Dada yangu."

"Yu hai?"

"Nadhani."

"Unadhani," alisema. Alinisogezea kipande chake cha pai, akatazama barabara.

Nimeandika haya yote ili ujue nimetoka wapi. Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa na mtu wa kukaa naye mezani, nikajidanganya kwamba ni wewe. Kumbe nilikuwa nikimchora mwanamke wa kwenye kioo, asiyenikasirikia, asiyezeeka, anayekubali jibu lolote analopewa. Wewe si wa kukubali. Huyo sasa amezikwa, na kurasa nimezikabidhi.

Nimekata tiketi. Nitafika Manila tarehe kumi na nane Desemba na kupanda basi la asubuhi kuja Batac. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Karatasi nimezitumia vya kutosha.

Kama hutaki nije, mwambie Rogelio anipigie kabla ya tarehe kumi. Nitairudisha tiketi na sitauliza sababu. Kama unataka nije, usiandike kitu. Kimya chako nimekizoea, safari hii nitakielewa kuwa ni ndiyo.

Ninaleta brashi na wino. Ninachokuomba ni saa moja tu, uketi karibu na dirisha, na uso wako ulivyo sasa. Sitakaa nyuma yako. Nitakaa mbele.

Msalimie Rogelio na mkewe Milagring, na watoto wao ambao sijui hata wamefika wangapi. Msalimie Apo Bining wa nyumba ya pili kama bado anafuga bata. Mwambie Mama, ukipita kaburini, kwamba ninakuja, nimechelewa miaka ishirini na mitatu.

Mungu aulinde mguu wako na aiangalie nyumba yako, na mvua isirudi hadi saumu ziote.

Mimi mdogo wako, akupendaye kwa wino na bila wino,

Takyo